Msomaji Wetu Bora

Shule ya Msingi Onkaluvati
19 Septemba 2010

Dada Rauha,

Mahangu tuliyovuna yamejaa ghala moja na nusu, kwa hiyo usianze barua yako kwa kuuliza kama tunakula. Tunakula. Nakuandikia kwa jambo jingine, nalo nakuomba lisitoke nje ya nyumba yako huko Mongu. Hata shemeji asilijue.

Inasemekana mwakani walimu wote tutafanyishwa mtihani wa Kiingereza. Wote, hata sisi wenye mvi. Unajua mimi nilisomea ualimu kwa Kiafrikana, enzi za Makaburu. Uhuru ulipokuja nilikuwa na miaka thelathini na mitano, tukaambiwa kuanzia muhula mpya tufundishe kwa Kiingereza. Nimefundisha miaka ishirini kwa Kiingereza cha muhula ule. Kila sentensi ninayoitamka darasani naijua kama ninavyowajua ng'ombe wangu, kwa rangi na kwa jina. Lakini akiingia zizini ng'ombe mgeni, Dada, natetemeka.

Chumba cha walimu sasa kimejaa vijana. Juzi Selma, binti anayefundisha darasa la sita, aliniambia mbele ya wote, "Tate Fillemon, siku ya mtihani nikukalie karibu?" Nikamjibu, "Kaa, mwanangu, nitakuachia na mkono unishike." Walicheka hadi chai ikamwagika. Haimbodi, mkuu wetu, hakucheka. Yule nilimfundisha mimi kuandika herufi ya kwanza ya jina lake, na leo ananitazama kama paa linalovuja.

Nitumie mazoezi. Sahihisha kwa wino mwekundu kama ulivyowafanyia watoto wa kambini enzi zile za uhamishoni. Nimebakiza miaka minne nistaafu, na sitaki kutolewa kwa mlango wa nyuma.

Ndani ya bahasha hii mna barua thelathini na nane ambazo watoto wangu wa darasa la nne wamekuandikia kwa Kiingereza. Ya juu kabisa ni ya Ndahafa, mjukuu wa Meekulu Loide wa ng'ambo ya bonde la oshana. Unamkumbuka Loide, aliyekuwa akitufukuza na mchi tulipomwibia matunda ya eembe. Mtoto hana baba wala mama. Wako wawili tu, bibi na mjukuu. Ndiye msomaji wetu bora.

Mdogo wako,
Fillemon


Mongu
30 Oktoba 2010

Mdogo wangu Fillemon,

Bahasha yako imekaa njiani wiki tano, na posta wameifungua na kuifunga kwa gundi mbaya, lakini hakuna kilichopotea. Mazoezi ndiyo haya, kurasa kumi na mbili. Fanya kurasa mbili kwa wiki, bila kamusi kwanza, kisha na kamusi, kwa kalamu ya rangi nyingine, ili nione mahali unapokwama. Usione haya. Mimi mwenyewe nilijifunza lugha hii kambini nikiwa na miaka ishirini na sita, juu ya sanduku la sabuni, kwa mwalimu ambaye naye alikuwa akijifunza.

Barua za watoto nimezisoma zote. Mwandiko ni mzuri sana. Sijaona herufi zilizosimama wima namna hii tangu wamisionari wa Kifini walipotugonga vidole kwa rula. Waambie nimefurahi. Mwambie Ndahafa ya kwake nimeibandika ukutani juu ya meza yangu.

Ana mbwa?

Huku joto limekaza na mto uko chini. Mvua zikija maji yatatanda bondeni, na watu watahama na vyombo vyao kama babu zao. Miaka thelathini na sita nimekaa ugenini, mingi kuliko ile niliyoishi huko. Napika oshifima, mume wangu anaiita kwa jina la kwao, na siku hizi sibishani naye. Ila nikisikia mtu anatwanga asubuhi, bado hugeuza kichwa nimtafute mama.

Dada yako,
Rauha


Onkaluvati
5 Desemba 2010

Dada Rauha,

Mbwa gani? Meekulu Loide hafugi mbwa, anasema ni mdomo wa kulisha usiolima. Ile ni barua niliyoiandika mimi ubaoni, nao wakanakili. Si ndivyo tulivyofundishwa sote?

Mazoezi yamenitoa jasho, yamo humu ndani. Utaona rangi ya pili ni nyingi kuliko ya kwanza.

Umenipa moyo kwa kuwasifu watoto. Nikueleze tunavyosoma, maana najivunia. Vitabu ni vinane kwa watoto thelathini na wanane. Naviweka katikati ya meza, nasimama na fimbo, nasoma mstari mmoja, wanaitikia; nasoma wa pili, wanaitikia; hadi mwisho wa wiki ukurasa mzima wameshika. Wanaoketi upande wa pili wa meza kitabu kwao kimepinduka kichwa chini, nao husoma vizuri vilevile! Nilipomwambia Selma alisema, "Tate, jaribu kukifunga, pengine watasoma hivyohivyo." Binti ana mdomo huyu.

Ndahafa ndiye anayeongoza. Na huko ng'ambo ndiye msomaji wa majirani. Barua zote za shule zinatoka kwa Kiingereza, ndiyo amri ya Haimbodi, na mtoto ndiye anayemsomea mzazi. Jumapili baada ya ibada utamkuta kazungukwa na vikongwe, karatasi mkononi, kidole kikitembea: "Mzazi mpendwa, unaalikwa kwenye mkutano wa shule siku ya Ijumaa saa nane mchana." Anawageuzia kwa Kindonga kama mkalimani wa bunge. Meekulu Loide hujifanya haangalii, lakini shingo yake, Dada, utadhani ni ya mbuni.

Haimbodi amekubali nipande nao hadi darasa la tano mwakani. Mungu ni mwema.

Fillemon


Onkaluvati
6 Machi 2011

Dada Rauha,

Kwa haraka tu. Mazoezi ya Januari nimeyapata, na nimeona ulivyoandika "umeendelea" pembeni. Nimemsomea mke wangu neno hilo mara mbili.

Mvua imekuwa nyingi, na maji ya Angola yameanza kuteremka. Oshana imefika mapajani mwa watoto. Wanavuka na madaftari kichwani. Jumatatu ya tarehe kumi na nne tunapata wageni wa elimu, watakaa darasani kwangu wasikilize kusoma. Ndahafa atasimama mbele asome ukurasa wa thelathini na moja. Bibi yake amemfumulia nywele na kumsuka upya, anasema mtoto usingizini anasoma tu.

Niombee. Wageni wakiridhika, huenda hata Haimbodi akatabasamu.

Fillemon


Onkaluvati
3 Aprili 2011

Dada Rauha,

Ndahafa amezama.

Ni ile Jumatatu ya wageni. Aliingia majini peke yake asubuhi, kwenye kivuko cha mashariki ambako mkondo ulikuwa umekata njia. Tulimpata Jumatano, chini kabisa, kwenye miti ya mopane. Tumemzika Jumamosi ya tarehe ishirini na sita, mahali palipoinuka nyuma ya kanisa, maana makaburi ya ng'ambo yamefunikwa na maji.

Uchungu wake ni kwamba hakupaswa kuja. Ijumaa Haimbodi alikuwa ametoa barua kwa wazazi wote, kwamba kivuko cha mashariki kimefungwa na watoto wa ng'ambo wabaki nyumbani hadi mtumbwi upatikane. Wale wengine walibaki. Kila mmoja ana kaka au dada katika madarasa ya juu. Yeye peke yake ndiye aliyekuja. Meekulu Loide anasema mtoto alimsomea barua ile kidole kikitembea, na kwamba ilikuwa ya mkutano. Ijumaa saa nane. Bibi alikuwa ameshaweka kando hata kitenge cha kuvaa.

Sasa watu wanasema mtoto alificha. Kwamba aliitaka sana siku ile, kusimama mbele ya wageni, akaona akisema ukweli bibi atamzuia. Mchungaji alihubiri juu ya utii. Hakutaja jina, lakini nani hakuelewa?

Mazishini nilipewa kusema neno la shule. Nilisema alikuwa msomaji bora kuliko wote niliowafundisha kwa miaka ishirini na saba, kwamba hapakuwa na karatasi iliyomshinda. Watu waliitikia kwa kichwa. Meekulu Loide alikuwa ameketi kwenye kiti, wima, macho makavu. Hajalia hadi leo. Hamtaji kwa jina. Wanawake wakimwambia, "Meme, lia, utajidhuru," anajibu, "Nimlilie mwongo?"

Wageni hawakuja. Barabara ilikatika.

Fillemon


Mongu
24 Aprili 2011

Fillemon,

Nimekaa na barua yako siku nne kabla ya kushika kalamu. Nakupa pole, nawe uifikishe pole yangu kwa Loide kama utaona njia.

Sasa nisikilize. Umenieleza mahali alipopatikana, na mti gani, na kitenge kilichowekwa kando. Hukunieleza kitu kimoja: wewe ndiye mwalimu wake, basi ni wewe uliyegawa karatasi zile darasani Ijumaa. Uliwaambia nini? Wewe ambaye huwezi kuchinja kuku bila kunieleza alilia mara ngapi, hapo umeruka.

Na kuna hili. Ulisimama kaburini ukasema hapakuwa na karatasi iliyomshinda. Umesikia ulichokisema? Kama karatasi ile haikumshinda, basi alijua ilichosema. Na kama alijua, alimdanganya bibi yake, akafa kwa uongo wake. Wewe ulidhani unamsifu. Sifa yako ndiyo ushahidi pekee dhidi yake, na imetoka kwa mtu ambaye kijiji kizima kinamwamini.

Je, alijua kusoma, Fillemon?

Usinijibu juu ya ukurasa wa thelathini na moja. Nakuuliza karatasi ambayo hajawahi kuiona.

Rauha


Onkaluvati
22 Mei 2011

Dada,

Mtu akiwa mbali ni rahisi kuona. Hata ndege anaona shamba lote, lakini halimi.

Wewe uliondoka mwaka sabini na nne, na viatu vyangu miguuni, ukisema utarudi kabla ya mavuno. Mimi nilibaki. Nilifundisha huku askari wakiwa nje ya dirisha. Nilifundisha vita vikipita juu ya paa. Nilimzika mama, nilimzika baba, nikakuandikia. Mwaka wa uhuru ulikuja wiki moja, ukalia makaburini, ukapanda basi. Leo unanihoji kama polisi, kwa kalamu nyekundu.

Unataka kujua nilisema nini. Nilisema, "Wapeni wazazi wenu." Basi. Kwa Kiingereza, kama inavyotakiwa kuanzia la nne kwenda juu. Kengele ilikuwa inalia.

Unataka nifanye nini? Niende kwa Loide nimwambie mjukuu wake hakujua kusoma? Ndicho kitu pekee alichobakiwa nacho, kwamba mtoto alikuwa na akili. Nimnyang'anye na hicho? Na wazazi wa wale thelathini na saba nitawaambia nini? Na Haimbodi, anayengoja sababu moja tu?

Mazoezi yako ya mwezi huu sijayafanya. Usiniandikie tena juu ya jambo hili.

Fillemon


Mongu
19 Juni 2011

Mdogo wangu,

Umeniambia nisiandike juu ya jambo hili, nami nitaandika mara moja hii tu.

Viatu ni kweli. Vilipasuka kabla sijavuka mpaka.

Barua zile thelathini na nane. Nilijua kabla sijamaliza ya tano. Watoto wote wana mbwa wa kahawia. Wote baba zao ni wakulima, hata Ndahafa uliyeniambia hana baba. Katikati ya mstari wa nne ulifuta neno ubaoni kwa kiganja, na doa likabaki. Nao wameliiga doa, Fillemon, kila mmoja kwa upande wa penseli, kwa uangalifu, kama herufi. Nimefundisha watoto kusoma miaka kumi na moja katika kambi mbili. Nilijua maana ya doa lile. Watoto wako walikuwa wanachora.

Oktoba nilikuandikia ukurasa mzima kuhusu hilo. Sentensi ya kwanza ilikuwa, "Watoto hawa hawasomi." Kisha nikaichana karatasi, nikaandika kwamba mwandiko ni mzuri, nikauliza habari ya mbwa, nikajidanganya kwamba utaelewa. Na Desemba uliponieleza vitabu vilivyopinduka nilinyamaza tena, nikakutumia mazoezi.

Nitakuambia kwa nini. Ulikuwa umeniomba msaada, mara ya kwanza maishani mwako. Nimekuwa na ndugu wa kwenye bahasha kwa muda mrefu hata nikaogopa kwamba nikikuumiza bahasha zitakoma. Kwa hiyo niliichagua barua yako ijayo, na sikumchagua yule mtoto. Aliyebandikwa ukutani kwangu ni yeye, namwona kila nikinyanyua kichwa.

Sina haki ya kukuamuru. Nakuambia tu kwamba haya hukuyafanya peke yako. Ukimwendea Loide, nitaje na mimi.

Rauha


Onkaluvati
19 Agosti 2011

Dada Rauha,

Nakuandikia nikiwa nyumbani, mchana, siku ya kazi. Nimesimamishwa tangu Jumanne. Barua ya kusimamishwa imeandikwa kwa Kiingereza na nimeielewa yote isipokuwa neno moja, ambalo Selma alinieleza. Darasa langu amepewa yeye. Si vibaya.

Barua yako ya Juni nilikaa nayo wiki tano. Nilikuwa naitoa, naisoma hadi kwenye doa, naikunja. Kisha Jumamosi iliyopita nikavuka oshana, sasa imekauka, unaweza kupita na viatu.

Meekulu Loide alikuwa anatwanga. Aliponiona hakuacha.

"Mwalimu," alisema, "umeniletea karatasi nyingine?"

"Sina karatasi, Meme."

"Basi kaa kivulini. Ontaku imo kwenye kibuyu, jimiminie mwenyewe, mimi sina tena mtu wa kumtuma."

Sikukaa. Nilimwambia nikiwa nimesimama, maana niliogopa nikikaa nitanywa, na nikinywa nitazungumza habari za mvua. Nilimwambia Ndahafa hakujua kusoma. Kwamba alikuwa na kichwa kizuri mno, na mimi nilikijaza kurasa za kukariri, na kwamba barua zote za shule alizowahi kuziona zilikuwa za mkutano, kwa hiyo alipoona karatasi yenye muhuri uleule alisoma mkutano. Hakuficha kitu. Alimsomea bibi yake alichodhani ndiyo kusoma.

Mchi ukasimama.

"Na wewe? Wewe barua ile uliielewa?"

Hili hukuniuliza, Dada. Wewe uliuliza niliwaambia nini watoto, na nilikujibu kweli, lakini sikukueleza kwa nini sikusema zaidi. Kengele ilikuwa inalia, sawa, lakini nilikuwa nimeishika karatasi ile tangu saa nne asubuhi.

"Nusu," nikamwambia.

"Nusu ipi?"

"Niliona maji. Niliona Jumatatu. Nikadhani tunaitiwa mkutano kuhusu maji. Nikaona haya kwenda kumuuliza mkuu, Meme, mtu niliyemfundisha mwenyewe."

"Ulidhani mkutano."

"Ndiyo."

"Naye akadhani mkutano."

"Ndiyo, Meme."

"Basi alisoma kama mwalimu wake." Aliuegemeza mchi ukutani polepole, kama kitu kinachoweza kuvunjika. "Miezi mitano namwita mwongo. Wenzangu wakiniambia lia, nawatukana. Fillemon, mtoto yule nimemnyima chozi!"

Nilikutaja, kama ulivyotaka. Akasema, "Rauha wa Amunyela? Yuko hai?" Kisha akasema, "Mwambie nimesikia." Sikupata zaidi ya hilo, na sikuomba.

Nikataka kuondoka. Akaniita nikiwa nimeshafika uzioni. "Ulimsemea mbele ya watu. Kayaseme na haya mbele ya watu. Kesho."

Jumapili baada ya matangazo nikainua mkono. Haimbodi ni mzee wa kanisa, huketi mbele. Aliponiona nasimama alitikisa kichwa taratibu, kama unavyomkataza mtoto. Mchungaji alidhani ni tangazo la mnada wa mavuno. Nilisema yote. Nilisema kwamba Machi, kaburini, niliwaambia jambo lisilo kweli. Nilisema watoto wangu thelathini na wanane, hakuna hata mmoja anayeweza kusoma karatasi asiyoijua, na kwamba ile ya kivuko mimi mwenyewe sikuielewa. Nilidhani watanizomea. Hawakunizomea. Mzee mmoja nyuma aliuliza tu, kwa sauti ya kawaida, "Hata ile ya chanjo ya ng'ombe?" Na hapo, Dada, kila mtu kanisani akaanza kukumbuka karatasi aliyo nayo nyumbani.

Tulipotoka nilikaa kwenye ngazi. Wale wanaoishi karibu walikwenda mbio makwao wakarudi. Wakapanga foleni. Wana karatasi kwenye mifuko ya sukari, kwenye Biblia, kwenye vilemba. Toini wa Iiyambo alileta kadi ya zahanati. Mjukuu wake wa darasa la sita alimwambia vidonge viwili asubuhi, na kadi inasema nusu kidonge, na amevimba miguu tangu Pasaka. Mzee wa chanjo alikuwa amepitisha tarehe kwa mwaka mzima. Halafu akaja Lempi, yule mjane, na barua ya kampuni ya meli iliyomwajiri mwanawe Walvis Bay. Alisomewa kwamba mwanawe anawasalimu na ataleta mablanketi. Ameitunza ndani ya foronya. Nilisoma mistari miwili nikamwomba akae chini kwanza. Inasema mwanawe hajaonekana kazini wala anapolala, na ndugu wakipata habari zake wajulishe. Ni ya Juni mwaka jana.

"Soma na ile sehemu ya salamu," akaniambia.

"Haimo, Meme."

Nyingine zilinishinda. Nilisema zimenishinda. Mara ya kwanza ulimi ulikuwa mzito, baadaye ukazoea. Selma alikuja bila kuitwa, akasukuma bega langu, akasema, "Sogea, Tate, nipe hizo za zahanati," akaketi. Tukaendelea wawili hadi jua likawa la upande.

Meekulu Loide alikuwa kwenye foleni tangu mwanzo, wa mwisho. Wengine walitaka kumpisha mbele kwa ajili ya umri wake, akakataa. Nikadhani ameleta ile barua ya kivuko, nikaanza kuogopa kuisoma. Lakini zamu yake ilipofika mikono ilikuwa mitupu.

"Meme, nikusomee nini?"

Hakunijibu mimi. Aliwageukia watu, wale waliokwisha kusomewa na walikuwa bado wamesimama uwanjani na karatasi zao, hawajui waende wapi.

"Ndahafa hakunidanganya," alisema.

Akangoja, kama anayemtafuta wa kubisha. Hakuna aliyebisha. Basi akashuka chini palepale mchangani, akanyoosha miguu kama mfiwa wa siku ya kwanza, akafungua kinywa kumlilia. Toini ndiye aliyetangulia kuvua viatu. Kisha wengine, mmoja mmoja, wakaenda kuketi naye.

Fillemon